Pasaka ya Matambara

Mpaka leo, mhubiri akisimama kanisani na kuanza kutuambia kwamba umaskini wetu ni ushuhuda, mimi natazama dirishani. Nikimtazama yeye nitasema neno. Nimelelewa kanisani, nimebatizwa ziwani Uvira mbele ya ukoo mzima, na sijawahi kumkasirikia Mungu. Hasira zangu ni kwa watu wake, na wa kwanza wao ni mume wangu mwenyewe.

Tulikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, katikati ya miaka ya tisini. Vita vilitutoa Uvira kule Kongo, tukapita Kigoma, tukapita Mbeya na Karonga, tukaletwa kwenye jela ya zamani ambayo Wamalawi wenyewe walikuwa bado wanaitaja kwa sauti ya chini. Kanisa letu lilikusanyika katika bwalo walimokuwa wakila wafungwa. Mume wangu alikuwa mwalimu kule kwetu, na pale kambini akawa mzee wa kanisa na katibu wa baraza la wazee. Mimi nilikuwa fundi wa kushona. Kichwa cha cherehani yangu nilikibeba mgongoni njia nzima kama mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe akabebwa na baba yake. Nilikuwa pia kiongozi wa korali ya akina mama.

Asiyetujua sisi watu wa Uvira na Fizi anaweza kudhani sare ya korali ni pambo. Kwetu, korali isiyo na sare ni watu waliosimama tu na kupiga kelele. Basi akina mama wangu walikubaliana watafute sare. Walikwenda kufanya ganyu, vibarua vya mashambani kwa Wamalawi wa Dowa, wakipalilia mahindi na tumbaku ya watu, mgongo umepinda, mtoto mgongoni. Kulikuwa na mjane mmoja wa Fizi ambaye jioni alikuwa hawezi kunyooka mpaka amekandwa maji ya moto. Walichopata hawakukila. Walikileta kwangu, nikaenda kununua kitambaa Lilongwe.

Alinipeleka jirani yetu, Mwislamu wa Kindu aliyekuwa akiuza sabuni na chumvi kambini na kuyajua maduka ya mjini kama kiganja chake. Tulipanda gari la mizigo, tukashuka mjini vumbi tupu. Tukiwa bado barabarani wakapita akina mama wa kanisa moja la pale, wamevaa sare zao, blauzi nyeupe zilizonyooshwa na vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Haikuwa Jumapili. Walikuwa wanakwenda kumwona mgonjwa. Mwanamume aliyesukuma mkokoteni wa mihogo aliusogeza pembeni, akavua kofia mpaka wamepita.

Nilimuuliza jirani yangu wale ni nani.

"Hao habavalake ile nguo ovyo," aliniambia. "Kanisa njo inamuvalisha mutu, na maombi. Akikosea, banamuvula. Ukimuona mama wa pale ku kanisa hana sare, ujue kuna kitu alifanya."

Nilifurahi kusikia hivyo. Niliona kwamba hata huku ugenini kuna watu wanaojua nguo ya ibada ni nini. Nilinunua kitambaa cha buluu na cheupe cha kola, nikarudi nacho, nikakata na kushona mpaka vidole vikafa ganzi. Akina mama walipozijaribu hatukuwa na kioo, kila mmoja akawa kioo cha mwenzake. Yule mjane wa Fizi aliigusa kola yake, akaniuliza kama kweli ni yake peke yake au wataazimana.

Tulipanga kuzivaa mara ya kwanza siku ya Pasaka.

Wiki ile ya Pasaka mchungaji akaja nyumbani kwetu mchana. Alikuwa mtu wa milima ya Fizi, mnene wa sauti, na simwiti mtu mbaya. Aliwahi kumpa mgonjwa blanketi lake mwenyewe. Alikaa kwenye kiti chetu kimoja, mume wangu akakaa kitandani, mimi nikabaki kwenye cherehani.

"Mama," alisema, "bageni ba Lilongwe batakuja kushiriki meza ya Bwana pamoja na siye. Bako na mabati ya kanisa. Tena bako na nafasi ya mutu moja ku shule ya Biblia kule mujini, na nyumba ya kulala na familia yake. Mi nimetoa jina ya bwana yako."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anajua tayari. Nyumba mjini, bomba la maji uani, watoto wetu watatu kwenye shule yenye madawati. Nakiri moyo wangu uliruka.

"Sasa," mchungaji aliendelea, "bamama baache ile sare ku nyumba. Bavae nguo ya shamba. Batoto baje bila viatu."

"Nguo ya shamba ku meza ya Bwana, Pasta?"

"Tuko bakimbizi, mama. Batuone vile tuko."

"Vile tuko njo ile sare. Tuliilimia."

Hakukasirika. Alinieleza polepole kama anayemweleza mtoto, na jambo baya ni kwamba maelezo yake yalikuwa na mantiki ya kambini. Huko tulikuwa tumefundishwa hivyo. Siku ya kugawa mablanketi, mwanamke aliyejisahau na hereni masikioni aliondolewa kwenye mstari. Siku ya kuandikishwa, watu walificha redio na viatu kwa majirani. Mwenye sura mbaya ndiye aliyesikilizwa. Tulikuwa tumezoea kujichafua kabla ya kusimama mbele ya mtu mwenye kalamu, na mchungaji wetu akaona kwamba ukijichafulia wenye mablanketi, unaweza kujichafulia na wenye mabati. Kwamba safari hii tulikuwa tunakwenda mbele za Mungu, hilo halikumsumbua.

Nilimwambia habari za akina mama niliowaona Lilongwe. Nikamwambia watu wa kule ni watu wa sare, hawataelewa. Alicheka.

"Ile ni mambo ya ku soko, mama. Mutu akiona mabaya, anahurumia tu."

Alipoondoka, mume wangu alibaki amekaa pale kitandani akichezea ukingo wa shuka.

"Ni siku moja tu, mama batoto," alisema. "Mungu anaangalia roho."

"Kama anaangalia roho, nguo unazibadilisha kwa sababu ya nani?"

"Unataka tubaki humu milele?"

Sikutaka. Nani alitaka? Lakini nilimwambia kwamba mimi sitakwenda kwa mwanamke yeyote aliyeinamia tumbaku ya watu kumwambia aifiche nguo yake ili baba wa watoto wangu apate shule ya kujifunza ukweli wa Mungu. Akitaka, aende mwenyewe. Na kweli alikwenda. Alipita mlango kwa mlango, mwalimu mzima, akiwaomba akina mama wavae vibaya. Wengine walilia, wengine walicheka kwa uchungu, lakini wote walikubali, kwa sababu mzee wa kanisa amesema.

Asubuhi ya Pasaka nilivaa sare yangu. Nilikuwa peke yangu. Njiani niliwakuta wenzangu wakishuka kuelekea bwaloni, na yule jirani wa Kindu alikuwa amesimama mlangoni kwake akiwatazama wakipita na vitenge vilivyopauka.

"Nani amekufa?" aliniuliza. Alidhani tunakwenda kwenye matanga.

Mbele yangu alikuwa anatembea yule mjane, na kitenge chake kilikuwa kimechanika begani. Nilikijua kitenge kile. Nilikuwa nimekitia kiraka mimi mwenyewe, kikashika vizuri. Alikuwa amekibandua kiraka usiku ili aonekane maskini zaidi ya umaskini alio nao. Sijui kama nimewahi kuwa na hasira kama ile.

Mlangoni mwa bwalo alisimama mchungaji, na kando yake mume wangu. Mume wangu alikuwa na viatu vya ngozi, alivivaa miaka yote ya ualimu na kuvitunza hata njiani. Alikuwa amevivua. Alisimama miguu mitupu, vidole vyake vya ofisini vikionekana, na hakuinua macho.

Mchungaji alinitazama kutoka kola mpaka chini. "Mama, leo ku jikoni kuna kazi mingi," alisema. "Usaidie kule."

Basi nikaambiwa niende jikoni siku ya Pasaka, mimi kiongozi wa korali, kwa kosa la kuvaa nguo ya kumwimbia Mungu. Nilikwenda. Jikoni palikuwa nyuma ya bwalo, moto wa kuni na masufuria makubwa, kuku wa wageni, sombe, yaani kisamvu, na nsima, ugali wa Wamalawi, ya kuwatosha. Nilishika mwiko nikasonga kwa nguvu mpaka mwenzangu aliyechochea moto akasogea.

Wageni walifika wakiimba. Niliwasikia wakiingia, nikasikia salamu ndefu na tafsiri yake, kisha akina mama wetu wakaimba. Waliimba vibaya. Mtu anayeona haya hawezi kufungua kifua.

Wimbo ulipokwisha, nikaona akina mama watatu wa Lilongwe wanakuja jikoni, blauzi zao nyeupe na safi. Kwa Wamalawi mgeni mwanamke haketi tu na kungoja kulishwa, anakwenda kuwasalimu wapishi kwanza. Mkubwa wao, mama wa makamo aliyetembea polepole kwa sababu ya magoti, alipiga magoti hayohayo kwenye majivu akatusalimu. Alipogundua lugha yetu akabadili ya kwake. Alikuwa mzaliwa wa Karonga, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule mpakani.

"Mwanangu," aliniambia, "niambie jambo, maana nimechanganyikiwa. Nimeingia kanisani nikaona akina mama wenzangu wote hawana sare. Nikajiuliza wametenda kosa gani wote kwa pamoja. Halafu mwenye sare namkuta jikoni. Ninyi kwenu mnafanyaje?"

Nilielewa papo hapo. Hakuona maskini kule ndani. Aliona kanisa zima la wanawake waliovuliwa kwa dhambi, wakisogezwa mezani pa Bwana. Matambara ya mchungaji hayakumletea huruma hata chembe, yalimletea hofu.

Ningeweza kumdanganya. Ningesema sare hazijakwisha kushonwa, angeamini, na mume wangu angelala salama. Nililijua bomba lile la maji uani. Nilimwona binti yangu mkubwa kwenye dawati. Lakini nilikumbuka pia kile kiraka kilichobanduliwa, nikasema.

"Hawajavuliwa, mama. Sare zao ziko nyumbani. Wameambiwa wazifiche ili muwahurumie."

Hakuuliza ni nani aliyewaambia. Alijiinua kwa kushika bega langu, akarudi ndani, nami nikamfuata hadi mlangoni na mwiko mkononi. Meza ilikuwa tayari, kitambaa cheupe juu ya mkate. Alisogea karibu na wachungaji, akaomba ruhusa kwa adabu yote, akawageukia akina mama wetu.

"Zikomo," alisema, akiomba radhi kwa Kichewa. "Sisi tumetoka mbali na hatuna haraka. Nendeni nyumbani mkavae. Tutawangoja. Sisi hatuwezi kula meza hii na wenzetu waliovuliwa bila kosa."

Akina mama walimtazama mchungaji. Mchungaji alitazama kile kitambaa cha meza. Mume wangu akageuka akaniona pale mlangoni, akajua maneno yametoka wapi. Mjane wa Fizi ndiye aliyenyanyuka wa kwanza, mkono umeshika kitenge begani, akatoka bila kumwomba mtu. Wengine wakamfuata, kisha wakaanza kukimbia. Waliporudi na buluu yao waliimba mpaka vumbi la zamani likadondoka kwenye kuta za jela ile, na mimi nikaimba pamoja nao, nanukia moshi.

Wakati wa kuondoka yule mama aliniambia jambo moja. Mabati yalikuwa yamekwisha kununuliwa kabla hawajatuona. Yangekuja hata tungevaa dhahabu.

Unaweza kudhani mambo yaliishia hapo, kwa aibu kidogo na kusameheana. Wewe hujui wazee wa kanisa. Wiki iliyofuata baraza lilikaa bila mimi, wakaamua kwamba nimefunua uchi wa kanisa mbele ya wageni. Mwaka uleule mzee mmoja alikuwa amemvunja mkewe mkono, na baraza lilimwombea ili Bwana ampe utulivu. Mimi niliyesema kweli jikoni ndiye niliyepaswa kutubu hadharani. Nipige magoti mbele ya kusanyiko, nikiri nimewasingizia wazee, au nitengwe.

Kwetu kutengwa si neno la mdomoni tu. Mtu aliyetengwa hukaa kiti cha nyuma, hapewi mkono wa salamu, haimbi, hashiriki meza. Na mshirika mwema hali naye chakula, wala hali kilichopikwa na mikono yake, mpaka atubu. Kwetu wazee walilishika hilo kwa ukali, wakisema ndivyo Paulo alivyoagiza.

Mume wangu ndiye aliyeniletea habari. Aliileta kwa sauti ya chini, amesimama. Mchungaji alikuwa amemwambia kwamba mtu asiyeweza kuitawala nyumba yake hawezi kutumwa shule ya Biblia. Nafasi bado ni yake, ikiwa nitapiga magoti. Nisipopiga, basi yeye kama katibu anitenge kwa mdomo wake mwenyewe, aonyeshe kwamba sheria ya kanisa iko juu ya ndoa yake.

"Ni dakika moja tu," aliniambia. "Useme tu ulikosea. Mi nitajua ukweli. Na wewe utajua."

"Na Mungu?"

Akasema nisianze tena.

Jumapili niliitwa mbele. Nilikwenda na sare yangu, nikasimama mbele ya ile meza tupu. Mume wangu alisimama upande wa pili. Viatu vyake alikuwa amevivaa.

"Dada yetu," alisema. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa hajawahi kuniita dada. "Unatubu?"

"Nilimwambia yule mama uongo gani?" nilimuuliza. "Utaje. Ukiutaja nitapiga magoti sasa hivi."

Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Ni yeye aliyepita mlango kwa mlango. Nilimwona anafungua mdomo, nikadhani atasema, na kwa muda ule mfupi nilimpenda kama siku aliyokuja kuniposa. Kisha akamtazama mchungaji.

"Dada yetu hajatubu," alisema. "Kwa hiyo ametengwa."

Niliwatazama akina mama wangu. Wengine walikuwa wanalia. Nilitaka asimame hata mmoja. Hakusimama mtu, na sitawatetea kwa hilo. Nilikwenda kukaa kiti cha nyuma mpaka ibada ikaisha, kwa sababu nyumba ile si ya wazee.

Nilirudi nyumbani na watoto, nikawasha moto, nikapika bugali na maharage yaliyolala majini tangu jana. Mume wangu alikuja baadaye, uso umelegea kama mtu aliyetua mzigo. Nafasi ya Lilongwe ilikuwa imethibitishwa. Alivua koti, akanawa mikono, akaketi mkekani mahali pake.

"Mama, tukule," alisema.

"Chakula kiko. Lakini ni chakula cha mutu aliyetengwa. Muzee wa kanisa hakiruhusiwi kwake."

Alitabasamu. Alidhani namtania.

"Ile ni mambo ya kanisa. Hapa tuko ku nyumba."

"Ku kanisa mi niko dada mwenye zambi, na ku nyumba niko mupishi? Wewe njo ulitangaza, mbele ya batu bote. Kama ulikuwa unasema kweli, usikule. Kama ulikuwa unadanganya, kula, tujue."

Niliweka sahani mbele yake, imejaa, mvuke unapanda. Ningemwona ananyoosha mkono, anavunja tonge moja tu, ningemsamehe yote, matambara, viatu, na lile neno dada. Ningemfuata hata Lilongwe. Nilikaa nikiutazama mkono wake.

Aliitazama sahani kwa muda. Kisha akanyanyuka, akavaa koti.

"Ngoja nimuulize Pasta," alisema.

Nilisimama mlangoni kwa sababu sikuamini. Alikwenda kweli. Alikata kona ya kisima, akashika njia ya kwa mchungaji, akienda kuomba ruhusa ya kula kwa mkewe.

Nilirudi ndani nikawasogezea watoto ile sahani. Binti yangu mkubwa akauliza kama tumwekee baba kidogo kwenye sufuria. Nikamwambia tule tu. Tulikula mpaka tukaikwangua, na sikumbakizia kitu.